Miguu kwanza, injini baadaye: kuiandaa Altezza kwa mbio za koni, Tabora

Kijana akinunua Toyota Altezza hapa Tabora, swali lake la kwanza huwa lile lile: nifunge nini iwe na nguvu? Nami humjibu lile lile kila siku: gari lako lina nguvu za kutosha, miguu, yaani springi, shokapu na viungo vinavyoshika tairi, ndiyo imechoka. Altezza RS200 ya gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210, na kwenye mbio za koni utatumia gia ya pili karibu muda wote. Huko hakuna mahali pa kuzimaliza hizo farasi. Unaposhinda au kushindwa ni kwenye kona, pale tairi nne zinapong'ang'ania lami.

Kwa ambaye hajawahi kuona mbio hizi: koni zinapangwa kwenye eneo pana la lami, gari moja linaingia peke yake, saa inapigwa tangu linapovuka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mzunguko unachukua dakika moja hivi. Ukigonga koni unaongezewa muda; Marekani, ambako mchezo huu una wafuasi wengi, kila koni ni sekunde 2. Mwendo si mkubwa, lakini kona zinafuatana bila kupumzika, kushoto, kulia, kushoto, na kila kosa dogo la gari linajitokeza hapo hapo.

Nimeandika kwa kutumia Altezza kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu, na ndilo gari la michezo ambalo kijana wa kawaida anaweza kulimudu. Ila mwenye Subaru, Celica au Mark II atafuata mpangilio huu huu.

Kabla ya yote, eneo

Usifanye haya barabarani. Barabara ya Nzega ina wanafunzi, baiskeli za mkaa na mbuzi, na kosa lako linalipwa na mtu ambaye hakuomba mchezo. Tafuta eneo lililofungwa, uombe ruhusa kwa mwenye nalo. Sisi tunatumia yadi ya lami ya godauni la tumbaku, siku ambazo halina mzigo. Jambo la kwanza tukifika ni kufagia. Mchanga wetu wa Tabora ni mwembamba, unakaa juu ya lami kama unga, na tairi nzuri kuliko zote haina la kufanya juu yake. Mifagio miwili ya chelewa na saa moja ya kazi inakupa zaidi ya kifaa chochote utakachoagiza Dar es Salaam.

Kama huna koni, chukua madumu ya plastiki ya lita 5, weka mchanga kidogo yasipeperuke. Watazamaji wakae upande ambao gari likikosea haliwezi kufika, na nje ya kona ya kasi asisimame mtu. Helmeti, mkanda, mtungi wa kuzimia moto. Bila hivyo vitatu hatuwashi gari.

Hatua ya kwanza: rudisha gari lilivyokuwa

Altezza zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Hata ile changa kuliko zote ina miaka ishirini mgongoni, na ikifika kwetu imeshapita Japani, bandarini, na matuta ya Tanzania. Hakuna maana ya kufunga springi mpya juu ya bushi, zile raba za kwenye viungo vya miguu, zilizokatika.

Inua gari kwa jeki, uliweke juu ya stendi, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, shuku beringi au bolijointi (kiungo cha mviringo cha mguu). Lishike kushoto na kulia, litikise tena. Likicheza hapo, shuku tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi). Mwombe mwenzako atikise huku wewe umeweka kidole kwenye kiungo, maana jicho linadanganywa lakini kidole kinausikia mchezo hata wa nusu milimita.

Kisha chukua mtaimbo mfupi, uingize kati ya aamu (mkono wa chuma unaoshika tairi) na bodi, sukuma taratibu. Bushi nzima inabonyea kidogo na kurudi. Iliyokufa inafunguka mpasuko, unaona raba imeachana na chuma. Angalia shokapu: ikiwa imelowa mafuta mwilini, imekwisha. Ile desturi ya kubonyeza boneti na kuhesabu gari linaruka mara ngapi inagundua shokapu iliyokufa kabisa, lakini iliyochoka nusu inapita mtihani huo bila shida. Stabilaiza linki, yaani vijiti vinavyounganisha miguu na stabilaiza (fimbo ya chuma inayozuia bodi kulala konani), ni vitu vya bei ndogo, na zikigonga kona nzima inaharibika. Badilisha bila kusita.

Sasa jambo ambalo ningependa kila fundi alijue. Bushi za raba zikibadilishwa, bolti zake zikazwe mwisho wakati gari limekaa chini kwa uzito wake, si wakati miguu inaning'inia. Raba ile imeshikana na chuma ndani na nje, haizunguki, inajisokota tu. Ukikaza mguu ukiwa umening'inia, gari likishuka raba inakuwa imeshasokotwa hata kabla ya kuondoka gereji. Mimi nililipa somo hili kwa fedha yangu. Nilinunua seti nzima ya mbele, fundi mmoja akazikaza zote gari likiwa juu. Nikamuuliza, "Kaka, si tulishushe kwanza?" Akaniambia, "Bosi, bolti ni bolti." Miezi mitatu baadaye bushi mbili zilikuwa zimechanika kama viatu vya kandambili, na muda wote huo pua ya gari ilikuwa imenyanyuka kidogo nami nikidhani ni springi.

Mafuta ya breki yabadilishwe kama yana zaidi ya miaka 2, kwa sababu yanavuta unyevu na yakichemka pedali inazama. Breki pedi ziwe na nyama ya kutosha. Huko sitakaa sana.

Hatua ya pili: tairi na upepo

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua tairi. Soma ubavuni: baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mtumba zina kashata (meno ya tairi) nzuri lakini raba yake imekauka. Ibonyeze kwa ukucha na uilinganishe na mpya utaelewa. Ikipita miaka 6 mimi siiweki kwenye gari la kona. Angalia pia namba iliyo mbele ya neno TREADWEAR. Inavyokuwa ndogo ndivyo raba inavyokuwa laini na kushika zaidi, na ndivyo inavyoisha haraka. Tairi za kawaida za safari ziko 400 na kuendelea. Wacheza mbio za koni wanapenda 200.

Upepo ndio marekebisho ya bure. Nunua geji yako mwenyewe, kwa sababu geji za vibanda vya pancha hazikubaliani, na hapa tunatafuta tofauti ya upepo 1 au 2, yaani psi. Geji yako hata ikidanganya, inadanganya kwa kiasi kile kile kila siku.

Anza na 36 mbele na 34 nyuma, bila kuzidi kikomo kilichoandikwa ubavuni. Chukua chaki ya shuleni, upake bega la tairi, kuanzia ukingo wa kashata kushuka ubavuni, sehemu tatu za kila tairi. Fanya mzunguko mmoja wa nguvu, simama, angalia. Tairi nyingi zina alama ndogo ya pembetatu begani. Chaki ikifutika mpaka kwenye pembetatu hiyo, upepo umekaa sawa. Ikifutika kuipita, mpaka ubavuni, tairi linalala upande: ongeza 2. Ikibaki haijafikiwa, tairi limesimama juu ya kashata ya katikati tu: punguza 2. Rudia mpaka chaki ikuridhishe. Nusu saa ya kazi hii imewahi kubadilisha gari la rafiki yangu mpaka akaniuliza nimefunga nini.

Jihadhari na jua. Asubuhi ya Julai hapa mtu anavaa koti, saa nane mchana amebaki na fulana. Upepo wa tairi hupanda kama 1 kwa kila nyuzijoto 6, hivyo ulichopima saa moja asubuhi si ulichonacho mchana, hata kabla lami na kona hazijaongeza joto lao. Na kuna kisa cha miembe: mji wetu umejaa miembe, kila mtu anaegesha kivulini. Kivuli kikihama, tairi mbili zinabaki juani na mbili kivulini. Ukipima hapo unasawazisha namba huku unaharibu gari. Sogeza gari lote kivulini au lote juani, subiri, ndipo upime.

Hatua ya tatu: alaimenti kwa timazi na uzi

Wengi wanaamini lazima uende kwenye mashine. Mashine ni nzuri, lakini mwashi wa nyumba anavyo vifaa vyote unavyohitaji: timazi, uzi, na mpira wa maji. Mimi humwazima mjomba wangu.

Tafuta sakafu ya saruji. Jaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upeleke ncha zake kwenye tairi mbili mbili, uone sakafu inashuka upande gani. Panapopungua weka kipande cha ubao au kigae mpaka tairi zote nne ziwe usawa mmoja. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi liweze kuteleza na kukaa linapotaka. Usukani unyooke, ufungwe kwa kamba usitembee.

Anza na mlalo wa tairi, yaani kiasi ambacho kichwa chake kimeinama ndani. Ning'iniza timazi kwenye kijiti ulichokibandika kwa selotepu juu ya matigadi, uzi ushuke sentimita chache kutoka kwenye tairi bila kugusa popote. Pima kutoka kwenye uzi hadi mdomo wa rimu juu, kisha mdomo wa rimu chini. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Kwenye rimu ya inchi 17, midomo hiyo miwili iko umbali wa sentimita 45 hivi, kwa hiyo kila milimita 8 za tofauti ni digrii 1. Juu pakiwa mbali zaidi na uzi kuliko chini, tairi limelalia ndani, na ndivyo tunavyotaka. Sababu ni hii: gari likiingia kona, bodi inalala nje na kuisukuma tairi ya nje isimamie ukingo wake. Ukiwa umeilaza ndani mapema, katikati ya kona inakanyaga kwa upana wake wote.

Gari la koni la tairi za kawaida linafurahia digrii 2 hadi 2.5 mbele, na 1.5 hivi nyuma. Kama gari hilo hilo linakupeleka kazini kila siku, ishia 1.5 mbele, la sivyo tairi itaisha upande wa ndani bila wewe kuona.

Ukimaliza mlalo ndipo uje kwenye mwelekeo wa tairi, yaani kama pua zake zimefunguka nje au zimefungwa ndani, si kinyume chake, maana kugusa mlalo kunauharibu mwelekeo. Simamisha nyuzi mbili, moja kila upande wa gari, kimo cha katikati ya rimu, zikiwa sambamba. Pima kutoka kwenye uzi hadi mdomo wa mbele wa rimu na mdomo wa nyuma. Mbele ya gari mimi huacha sifuri, au tairi zifunguke nje milimita 1 kila upande. Gari linaanza kukata kona haraka, mkono haujamaliza hata kuzungusha. Nyuma zifungwe ndani milimita 1 kila upande. Za nyuma zikifunguka nje, mkia unakuwa na akili yake. Unapozungusha tairodi, zungusha kushoto na kulia kiasi sawa, ama sivyo usukani utakaa upande.

Kila ukigusa kitu, sukuma gari mbele na nyuma mita chache, libonyeze mara tatu, upime upya. Mara ya kwanza itakuchukua siku nzima. Mimi ilinichukua Jumamosi na nusu ya Jumapili, na tangu hapo sijawahi kuliangalia gari lolote kwa macho yale ya zamani.

Uzito

Toa sabufa ya kwenye buti. Toa tairi la akiba, jeki na sanduku la spana, uviache pembeni ya uwanja. Mafuta ni karibu robo tatu ya kilo kwa lita, kwa hiyo lita 30 ni kilo 22; ila usishuke chini ya robo tanki, kwani kwenye kona ndefu petroli inakimbilia upande mmoja na injini inakata.

Springi, shokapu na stabilaiza

Hapa nitasema kwa uwazi: usikate springi. Najua inafanyika, najua gari linaonekana limelala vizuri. Lakini springi iliyokatwa inapunguza nafasi ya mguu kupanda, mguu unagonga raba ya kuzuia, na sekunde hiyo tairi linapoteza ardhi katikati ya kona. Shokapu ya kiwandani nayo inafanya kazi mahali ambapo haikupangiwa. Kama una fedha, nunua shokapu nzuri mpya za urefu wa kawaida kwanza. Springi zilizoshushwa kwa milimita 20 hadi 30, zilizotengenezwa kwa gari lako, zinafuata baadaye.

Stabilaiza ni kifaa cha kugawa kazi kati ya mbele na nyuma. Jambo la kuelewa ni kwamba tairi likiongezewa uzito linashika zaidi, lakini si kwa kiwango kile kile cha uzito ulioongezeka. Kwa hiyo upande wa gari (mbele au nyuma) wenye stabilaiza ngumu unabebesha tairi lake la nje kupita kiasi, na upande huo kwa jumla unashika kidogo. Ukitaka pua ishike, kaza nyuma. Ukitaka mkia utulie, kaza mbele. Ugumu wake unapanda kwa nguvu ya nne ya unene: kutoka chuma cha milimita 22 kwenda 24 si ongezeko dogo, ni ugumu zaidi kwa asilimia 42 hivi. Nenda hatua ndogo. Na kama difu yako (gia zinazogawa nguvu kati ya tairi mbili za nyuma) ni ya kawaida, ukikaza nyuma kupita kiasi tairi la ndani litaelea na kuzunguka bure ukitoka konani.

Duara: mahali gari linaposema ukweli

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Chora duara la nusu kipenyo mita 15 kwa kamba na chaki, weka madumu ndani ya mstari. Zunguka gia ya pili, ongeza mwendo taratibu mpaka gari linafika kikomo, ushikilie hapo, mwenzako apige saa ya mzunguko mmoja. Sekunde 9 ni kama kilomita 38 kwa saa, na gari linashika robo tatu ya uzito wake kwa upande. Sekunde 8.5 ni kilomita 40 kwa saa, na kushika kumepanda hadi asilimia 84. Nusu sekunde hiyo ni tofauti kubwa sana, ndiyo maana duara linaona ambacho matako yako hayaoni.

Halafu sikiliza. Usukani ukiwa mwepesi ghafla na pua ikienda nje ya duara hata ukizungusha zaidi, mbele kumezidiwa. Punguza upepo wa mbele 2 kama chaki inaruhusu, au laza zaidi tairi za mbele. Mkia ukitangulia kutoka, fanya hivyo hivyo nyuma.

Lakini tofautisha kona ilipoharibikia. Pua inayokataa mwanzoni kabisa, unapoingia, mara nyingi ni mguu wako: umeachia breki kwa ghafla na uzito umerudi nyuma kabla tairi za mbele hazijakata. Achia breki polepole huku unazungusha usukani. Pua inayokataa katikati, mwendo ukiwa umetulia, ni suala la gari: upepo, mlalo, stabilaiza. Mkia unaotoka mwishoni, ukikanyaga mafuta, kwa gari la kusukuma nyuma kama Altezza ni mguu tena. Subiri usukani uanze kurudi ndipo ukanyage. Nimeona watu wakinunua stabilaiza kutibu ugonjwa wa mguu wa kulia.

Zunguka pande zote mbili. Kama kushoto ni sekunde 8.6 na kulia 9.0, kuna kitu hakiko sawa kati ya miguu miwili: rudi kwenye timazi, na uangalie tena bushi.

Daftari liwe garini muda wote. Badilisha kitu kimoja tu, kimbia mara nne, ya kwanza uitupe maana tairi bado baridi, tatu zilizobaki uzitafutie wastani. Andika joto la hewa, upepo kabla na baada, muda, na neno moja la ulivyohisi. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na muda ukapungua, hujui ni kipi kilichosaidia. Inawezekana kimoja kimesaidia sana na kingine kimeharibu.

Dereva

Sogeza kiti karibu. Mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuondoka kitini. Macho yawe koni mbili mbele, kamwe si kwenye ile unayoipita, kwa sababu mikono hufuata macho. Kwa kujifunzia, panga koni tano kwa mstari, mita 18 kutoka moja hadi nyingine, uzipite kwa kupindapinda huku mwendo hauongezeki wala haupungui. Ukichelewa koni ya pili, ya nne utaigonga.

Kabla ya kurudi nyumbani

Ukimaliza, zunguka polepole dakika mbili breki zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki zikiwa za moto. Weka gia na jiwe. Nati za rimu zikazwe kwa spana ya kupimia, Nm 103 kwa Altezza, kisha tena baada ya kilomita 50. Rudisha upepo kwenye kiwango cha kibandiko cha mlangoni tairi zikishapoa, rudisha tairi la akiba na jeki kwenye buti, pitisha mkono upande wa ndani wa kila tairi kutafuta mkwaruzo au waya uliojitokeza. Timazi nayo ioshwe vumbi, irudi kwa mjomba jioni hiyo hiyo, maana Jumatatu alfajiri ana ukuta wa kusimamisha.